Mursik ya Kogo na sanduku la kilo 23: nini kinapanda ndege, nini kinabaki

Mizani ya ofisini kwangu ni ya kuning'iniza, sawa na ile wanayopimia majani mabichi ya chai kwenye vituo vya kukusanyia huku Kericho na Bomet. Nimeifunga kwenye boriti juu ya kaunta. Mteja akishanunua tiketi humwambia arudi na sanduku lake siku mbili kabla ya safari, tulipime na tulifungue. Hapo ndipo kazi yenyewe huanza. Kuuza tiketi ni dakika kumi. Kubishana na mama mtu kuhusu chupa ya asali ni saa nzima.

Kwa wasionijua, mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Nilikuja huku bara miaka kumi na miwili iliyopita na nikaahidi nyumbani kwamba nitakaa miezi sita. Chai ya huku huteremka kwa malori mpaka Mombasa, ambako mnada wake umekuwepo tangu 1969. Mimi nikaifuata njia hiyo hiyo kinyume. Naandika haya kwa kuwa maswali ninayoulizwa hapa ndiyo yale yale shangazi zangu wa Kisauni hunipigia simu kuniuliza wakienda Maskati: hiki kinapanda? Na kile je?

Nianze na kosa langu. Miaka mitatu iliyopita kijana mmoja wa upande wa Litein alikuwa anakwenda Ulaya kusoma. Mama yake alimfungia lita tatu za mursik na nyama iliyokaushwa. Akaniuliza kama inaruhusiwa. Nikamjibu bila kufikiri: "Mkononi hapana, weka kwenye sanduku." Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa ndege. Kwa nchi aliyokuwa anakwenda halikuwa sahihi hata kidogo. Sanduku lilifika salama, chupa haikupasuka, kisha forodha wakalifungua, wakachukua maziwa na nyama, wakamhoji na kumwandikia karatasi. Alipoachiliwa, gari-moshi lake la mwisho lilikuwa limeondoka. Usiku wake wa kwanza ugenini akaulalia kwenye benchi la kituo. Alinitumia ujumbe wa sauti. Hakunitukana, na angenitukana ningepata nafuu. Alisema tu, "Mzee, mama asijue."

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kama kitu kinaruhusiwa, namuuliza: mlango upi? Kwa sababu ipo mitatu. Wa kwanza ni ukaguzi wa usalama, ambao unaangalia kile unachoingia nacho mkononi. Wa pili ni tumbo la ndege, na hapo swali ni kama mzigo wako unaweza kuwaka, kulipuka au kuzidi uzani. Wa tatu uko mwisho wa safari, ambako nchi unayofikia inalinda mifugo yake, mashamba yake na sheria zake. Kitu kinaweza kupita miwili kikakwama wa tatu, na wa tatu hukukuta umechoka na uko peke yako.

Mwezi wa Agosti alikuja bibi mmoja kutoka upande wa Mogogosiek akiwa na mjukuu wake. Wote tulimwita Kogo, ndivyo Wakipsigis wanavyomwita bibi. Binti alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Ujerumani. Vijana wa namna yake nawaona zaidi siku hizi, tangu Kenya na Ujerumani zitie sahihi mkataba wa ajira mjini Berlin mwezi Septemba 2024. Huku hakuna uwanja mkubwa wa abiria. Kericho kuna kiwanja kidogo cha Kerenga, lakini msafiri wa kawaida huteremka Kisumu kupitia Ahero, kama kilomita 80, au hupanda basi mpaka Nairobi. Binti angeondokea Nairobi na kubadilisha ndege Ghuba. Nikatundika sanduku: kilo 27. Tiketi yake ilimruhusu 23. Nikalifungua.

Juu kabisa kulikuwa na chupa ya plastiki ya lita tatu imezungushiwa leso. Nilijua ni nini kabla sijaigusa. Kwa wasomaji wa Pwani ambao hawajaionja: mursik ni maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kiitwacho sotet, ambacho ndani yake kimepakwa unga wa mkaa wa mti wa senetwet. Rangi yake huelekea kijivu. Wanariadha wakirudi na medali, ndiyo wanayonyweshwa uwanjani Nairobi au Eldoret mbele ya kamera, kwa hiyo watu wengi wanaamini mursik na viwanja vya ndege ni marafiki. Ni marafiki wa kupokeana tu.

"Hii haitapita, Kogo," nikasema.

"Wewe Mswahili," akanijibu, "maziwa yana bunduki ndani?"

Ni swali la haki, nami nilimjibu kwa heshima. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walivunja njama ya watu waliokusudia kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji vilivyotiwa kwenye chupa za vinywaji. Tangu hapo safari za kimataifa zina kanuni moja: kila kimiminika unachobeba mkononi kiwe kwenye chombo kisichozidi mililita 100, na vyombo vyote vitoshee katika mfuko mmoja wa lita moja unaoonyesha ndani. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chombo. Chupa ya mililita 200 yenye marashi kidogo chini kabisa inachukuliwa. Na neno kimiminika ni pana kuliko tunavyodhani: asali, siagi ya karanga, samli, mafuta ya nazi, achari, dawa ya meno, maziwa ya mgando. Halua laini nayo isije ikakutia kwenye mabishano, iweke chini. Maziwa ya mtoto mchanga na dawa za mgonjwa huruhusiwa kwa kiasi cha safari, ila vitoe na uvionyeshe kabla hujaulizwa.

Utasikia kwamba baadhi ya viwanja vya Uingereza vimeleta mashine mpya na kulegeza kipimo hicho. Ni kweli, lakini wewe unaanzia Nairobi, Mombasa au Kisumu, na kinachokuhusu ni mashine ya mahali unapoanzia na pale unapobadilisha ndege. Safari ya ndani kama Kisumu kwenda Nairobi huwa nafuu zaidi kwa maji ya kunywa, na hapo ndipo wengi hudanganyika: chupa iliyopita asubuhi inachukuliwa jioni.

Binti akasema basi ibaki kwenye sanduku. Kwa ndege, sawa. Hata kupasuka si lazima. Hewa ndani ya ndege ikiwa juu huwa nyepesi kama ya mlimani, mahali penye urefu wa mita 1,800 hadi 2,400. Kericho yenyewe iko zaidi ya mita 2,000, kwa hiyo chupa iliyofungwa huku haioni ajabu huko angani. Ile iliyofungwa Mombasa usawa wa bahari ndiyo itavimba na kuvuja kwenye nguo. Wasafiri wa Pwani, acheni nafasi juu ya chupa na mfunge kizibo kwa utepe. Lakini maziwa yanayoendelea kuchacha hutoa hewa yake yenyewe, hapo sina dhamana.

Kilichobaki ni mlango wa tatu. Nchi za Umoja wa Ulaya hazimruhusu abiria kutoka kwetu kuingia na nyama au maziwa ya aina yoyote, hata kikombe, isipokuwa vitu vichache kama maziwa ya unga ya watoto wachanga yaliyo kwenye pakiti yake isiyofunguliwa. Kogo alinyamaza. Nikamuuliza: ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia huku, nini hufungwa kwanza?

"Soko la ng'ombe," akasema.

Basi nao ndivyo. Mwaka 2001 ugonjwa huo uliingia Uingereza, na wanyama zaidi ya milioni 6 wakachinjwa kuuzima. Inaaminika ulianzia kwenye nyama iliyoingizwa kimagendo ambayo mabaki yake walilishwa nguruwe. Ujerumani ilikuwa haijauona tangu 1988, kisha Januari 2025 ukazuka kwa nyati-maji wa shamba moja karibu na Berlin. Huwezi kumweleza mfugaji wa Bomet kwa mililita akakuelewa, lakini ng'ombe anawaelewa kuliko afisa yeyote. Alitikisa kichwa, akaitoa chupa mwenyewe na kuiweka kwenye kaunta.

Tukaendelea. Maparachichi matatu: yametoka. Ulaya inataka cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila tunda, mboga mbichi na mbegu ya kupanda, na cheti hicho hapa Kenya hutolewa na KEPHIS. Matunda yasiyotakiwa cheti ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Msomaji wa Pwani atacheka kama nilivyocheka mimi, maana ni kama orodha imeandikwa Malindi. Na si hayo tu. Samaki aliyekaushwa huruhusiwa hadi kilo 20, kwa hiyo mwenye ng'onda wake anapita, mwenye maziwa anazuiwa. Kogo hakuona cha kuchekesha.

Asali ilikuwa chupa mbili za kilo moja moja. Hizo ni halali, kwani kipimo ni kilo 2 kwa mtu, ila ndani ya sanduku. Unga wa wimbi umepita. Majani ya chai, kilo nne, yamepita pia, na chai kavu ni zawadi isiyo na matata karibu kila nchi. Ombi langu ni moja tu: iwe kwenye pakiti zilizofungwa kiwandani zenye maandishi. Majani makavu ndani ya mfuko usio na jina, mbele ya afisa asiyejua Kericho ni wapi, ni mazungumzo marefu. Kwa wanaokwenda Marekani, neno la kushika ni kutangaza: andika kila chakula ulichobeba. Kilichotangazwa, kikikataliwa, huishia kutupwa. Kilichofichwa kinakuletea faini.

Katikati ya sweta nikakuta pawabanki. Hapo ndipo ninapokuwa mkali. Betri za lithiamu zisizo ndani ya kifaa, pawabanki zikiwemo, haziwekwi kamwe kwenye sanduku la chini. Zikishika moto mkononi mtu ataona na kuzima. Zikishika tumboni mwa ndege hakuna wa kuona. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado ardhini huko Korea Kusini, na wachunguzi wakainyooshea kidole pawabanki iliyokuwa kwenye kabati la juu. Abiria wote walitoka hai kwa kuwa ilikuwa haijaruka. Kipimo ni wati-saa 100 bila ruhusa. Kati ya 100 na 160 uiombe ruhusa kampuni ya ndege, zaidi ya hapo hairuhusiwi. Kama imeandikwa mAh tu, zidisha kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1,000: ya 20,000 ni wati-saa 74, ya 27,000 inaponea chupuchupu, ya 30,000 ni 111, iombee ruhusa. Isiyo na maandishi yoyote, ya kununua barabarani, iache nyumbani. Emirates, tangu Oktoba 1, 2025, inakubali moja tu na hairuhusu kuitumia ndani ya ndege.

Kwenye kona ya sanduku kulikuwa na kifurushi cha gazeti. Mkaa wa senetwet. Kogo alikuwa amefikiri mbele: maziwa yakikataliwa, mtoto atajitengenezea huko huko. Ilinibidi nimvunje moyo mara ya pili. Mkaa ni mzigo wa hatari kwa kanuni za ndege kwa sababu unaweza kupata joto na kuwaka wenyewe, na makampuni mengi hayaupokei, mkononi wala chini. Hili liwafikie pia kina mama wa Pwani wanaosafiri na mkaa wa ubani, vile vidonge vyeusi vya kuwasha haraka. Udi na ubani wenyewe, sawa. Chetezo, sawa. Mkaa ununue huko uendako. Marashi na manukato ya kupuliza huwekwa chini yasizidi nusu lita kila chupa, na yote pamoja lita 2.

Halafu lile jambo linalonikosesha usingizi. Chini kabisa kulikuwa na boksi lililofungwa kwa gundi. "Ni la jirani," binti akasema, "ana mwanawe huko." Nikamwambia ama tulifungue sasa hivi au libaki. Kogo akaona ni utovu wa adabu kufungua mzigo wa mtu, nami nikakubali kuonekana sina adabu. Ndani kulikuwa na viatu na sabuni. Tulivikunjua viatu, tukavirudisha. Mwaka 2025 Wakenya tulifuatilia kesi ya mwenzetu aliyehukumiwa kifo Vietnam baada ya kokeini kupatikana kwenye sanduku ambalo alisema alipewa tu kulibeba. Uwanjani mzigo ni wa yule mwenye jina kwenye tiketi, na maelezo ya jirani hayana nafasi. Usibebe usichokifungua kwa mkono wako, hata kama kimetoka kwa shemeji.

Dawa pia tulizipanga: kwenye pakiti zake, na barua ya daktari, mkononi. Wanaopitia au kwenda Ghuba wajue kwamba vidonge vya maumivu vyenye tramadol au kodeini vinadhibitiwa vikali Falme za Kiarabu, na ruhusa huombwa kabla ya safari. Miraa isahau kabisa. Uingereza iliipiga marufuku 2014, na Ghuba haina mzaha nayo.

Mengine nayapitia kwa haraka. Panga, visu na makasi, chini, vimefungwa vizuri. Rungu la mzee vilevile, hata kama ni la heshima. Nimeona mzee wa Sotik akirudi kutoka foleni kuja kuliweka sandukuni, uso umemvimba kwa fedheha, kwa sababu hakuna aliyemwambia mapema. Gesi, mafuta ya taa, petroli, rangi, klorini na dawa za kunyunyizia mimea hazipandi popote, na jiko lililowahi kutiwa mafuta halipandi bila ruhusa ya kampuni ya ndege. Kiberiti, kimoja tu, mfukoni mwako. Ngozi ya mnyama wa porini, pembe, gamba la kasa, matumbawe: usijaribu. Pesa taslimu za kufikia dola 10,000 zitangazwe. Maji ya Zamzam hayawekwi ndani ya sanduku. Yanapokelewa kwenye katoni yake ya lita 5 yakiwa yamefungwa rasmi. Ukirudi Kenya na mfuko wa plastiki wa dukani, utaambiwa uuache uwanjani, maana marufuku ya Agosti 2017 haikumwacha mgeni wala mwenyeji. Na vijana wa Pwani wanaokuja kufanya kazi hoteli za Mara, jirani na Bomet hapa, kwa ndege ndogo za Diani au Wilson: kilo 15, na begi laini lisilo na magurudumu, kwa sababu sanduku gumu haliingii.

Tulipofunga tena mizani ilisema 22 na nusu. Ile nusu iliyobaki Kogo hakuiacha ipotee. Alitoa ndani ya kikapu chake kibuyu, kitupu, kikavu, kimesuguliwa, kifuniko chake cha ngozi kimeshonwa upya. Nilikigeuza nikakinusa, hakikuwa na tone la maziwa. Hicho ni chombo, si chakula. Tukakizungushia sweta.

Ikabaki chupa ya lita tatu kwenye kaunta. Nikamwambia airudishe nyumbani. Akaniambia maziwa yaliyotolewa kwa ajili ya safari hayarudi nyumbani, akaniuliza vikombe viko wapi. Nina vikombe vinne ofisini. Tulikunywa sisi watatu na dereva wa matatu aliyeingia kuuliza chenji. Miaka kumi na miwili nilikuwa nimeikwepa mursik kwa visingizio vya tumbo. Ni chungu kidogo, ina moshi, na ya pili inapita vizuri kuliko ya kwanza.